Hamsini Kamili

Mama Béata Uwingabire alifika Himbi saa mbili na nusu asubuhi, akasimama katikati ya ua wa Tupatane, akakataa kiti. Alikuwa amefunga kibanda chake cha vitenge kule Mabanga, amevaa viatu vya kanisani, na neno alilokuja nalo alilisema kwa sauti iliyovuka ukuta wa mawe meusi na kufika barabarani.

"Mara tatu nilipiga simu! Mara tatu nilitaja jina ya papa yangu, nikataja kijiji, nikataja kovu yake ya mukono. Jana ile mashini yenu inaniuliza: mama, ni mara yako ya kwanza kutupigia? Ya kwanza! Sasa mwezi wa tano nilikuwa nasema na nani, na ukuta?"

Asumini Nuhu ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye pikipiki. Hakuingia ofisini. Alitoa daftari lake, akamsogelea yule mama.

"Mwezi wa tano tarehe ngapi, mama?"

"Kumi na mbili. Mvua ilininyeshea siku ile, siwezi kusahau."

"Na mara ya pili?"

"Mwanzo wa mwezi wa sita. Ya tatu ni jana."

"Kwa namba hiihii?"

"Sina ingine."

Asumini aliandika, akafunga daftari. "Nakuamini. Lakini usirudi Mabanga leo. Kaa hapa, nitakuhitaji."

Mama Béata alimtazama juu mpaka chini, kisha akavuta kile kiti alichokuwa amekikataa, akaketi.

Asumini alikuwa inspekta wa upelelezi kwa miaka kumi na tisa kabla ya kurudisha kofia na kuanza kufanya kazi peke yake. Siku hizi watu walimwita palipokuwa na jambo ambalo wao wenyewe kwa wenyewe walishindwa kuaminiana. Tupatane walikuwa wamefika hapo. Tangu kambi za wakimbizi zivunjwe na watu kutawanyika, ofisi hii ndogo ilikuwa na namba moja ya simu ya kuwatafutia watu ndugu zao. Aliyepokea simu hakuwa binadamu. Alikuwa wakala wa kompyuta waliyempa jina Mukumbushi: alisikiliza, akauliza, akaandika kumbukumbu ya kila aliyepiga. Kabla ya kuagana na mtu, alifungua zana iitwayo Orodha, akazipitia kumbukumbu zake na kuangalia kama anayetafutwa naye aliwahi kupiga. Wakilingana, Mukumbushi aliwaunganisha.

Ila sasa Mukumbushi alikuwa anasahau.

"Hasahau," alisema Madame Victoire, mkurugenzi, baada ya kufunga mlango wa ofisi yake. "Anafutiwa. Na mwenye uwezo wa kufuta kumbukumbu hapa ni mutu mumoja tu."

Alisukuma bahasha mezani. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumwachisha kazi Ismael, fundi wa programu, tayari imepigwa chapa, bado sahihi.

"Una ushahidi?"

"Kuna daftari la ufutaji ndani ya mashini. Jumanne saa tatu na robo asubuhi Ismael amefuta kumbukumbu sita. Ijumaa wafadhili wanakuja. Wakikuta mashini haikumbuki, wanafunga namba, na batu kama yule mama hawatakuwa na pa kupiga. Nilikuita uandike ripoti, Asumini. Zana ya Orodha inafanya nini, inafanya vizuri namna gani. Na uniambie kama ni yeye."

"Ripoti nitaandika. La pili, unipe mpaka saa nane."

Aliiacha bahasha palepale mezani.

Ismael alikutwa chumba cha nyuma, mbele ya skrini mbili, chai yake imepoa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na alikuwa amekwisha kuisikia habari ya barua.

"Yaya Asumini, mimi sijafuta mutu," alisema, akimwita yaya kama dada mkubwa.

"Jumanne. Saa tatu na robo. Kumbukumbu sita."

Uso wake ulishuka. "Ile... ile ni kitu ingine."

"Ni nini?"

"Ni haya tu kueleza."

"Haya haijafukuzisha mtu kazi. Kunyamaza kumefukuzisha wengi. Daftari la ufutaji linaweka jina tu, au linaweka na maneno yenyewe?"

"Linaweka na maneno."

"Lifungue."

Ismael alibofya. Asumini aliinama kusoma kwa sauti, mstari baada ya mstari. "Mtumiaji Ismael anapenda sambaza. Mtumiaji Ismael anapenda sambaza za kukaanga. Mtumiaji Ismael anasema sambaza za jana zilikuwa na chumvi nyingi..." Alinyanyua kichwa. "Dagaa?"

"Nilikuwa najaribu kama anaandika vizuri," alisema Ismael, masikio yamemwiva. "Sikutaka Madame akute sambaza katikati ya batu wanaotafutana."

Asumini alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaandika katika daftari: *Ufutaji wa Jumanne: samaki sita. Hakuna binadamu.* Akapiga mstari chini yake. Njia moja ilikuwa imefungwa.

"Umeme je? Ukikatika katikati ya simu, kumbukumbu haipotei?"

"Tuna betri. Na haziandikwi mwisho wa simu, zinaandikwa palepale mutu anaposema."

"Nionyeshe ya jana."

Ya jana ilikuwapo, neno kwa neno kama Mama Béata alivyoisema uani, na kovu la mkono limo. Njia ya pili nayo ikafungwa.

"Sasa," Asumini alisema, "nataka kumhoji shahidi."

"Nani?"

Alinyoosha kidole kwenye kipaza sauti kilichokuwa juu ya meza.

Katika kazi yake alikwisha kuhoji wezi, mapadri, wake za makanali. Wakala wa kompyuta alikuwa wa kwanza. Alimhoji kama wengine, kwa maswali mafupi.

"Mukumbushi, habari ya kazi?"

"Nzuri, mama. Nikusaidie nini?" Sauti ilikuwa ya upole.

"Unamjua Béata Uwingabire wa Mabanga?"

"Ndiyo. Alipiga jana."

"Kabla ya jana?"

"Sina kumbukumbu nyingine yake."

"Ulijuaje kwamba huna?"

"Nilifungua Orodha, nikasoma kila kilichokuwamo. Hakuwamo mara nyingine."

"Orodha ilikupa kumbukumbu ngapi?"

"Hamsini."

Asumini aliandika. "Juzi, mtu wa mwisho alipopiga, ilikupa ngapi?"

"Hamsini."

"Wiki iliyopita?"

"Kumbukumbu za kazi zinaonyesha hamsini."

Kalamu ilisimama. Nje, Mama Béata alikuwa ameanza kumpangia mlinzi jinsi ya kumwagilia maua.

"Watu wanapiga kila siku," Asumini alisema taratibu. "Kila siku wanaongezeka. Lakini orodha haiongezeki. Hilo halikukushangaza?"

"Maelezo ya zana yanasema: Hutoa kumbukumbu zote. Niliona hamsini, nikajua zote ni hamsini."

Asumini alimgeukia Ismael. "Shahidi wako ni mkweli. Ameambiwa uongo, na ameurudia kwa uaminifu."

Ismael alikuwa amesimama. "Zote? Imeandikwa zote?"

"Keti kwanza. Bado nadhani tu, na kudhani hakuandikwi katika ripoti. Unaweza kunitengenezea Mukumbushi mwingine, mtupu, asiyemjua mtu?"

Ilichukua robo saa. Asumini alimpa huyo mpya kumbukumbu thelathini za watu wa kubuni, akaomba Orodha. Zikatoka thelathini. Akaongeza mpaka arobaini na tisa. Zikatoka arobaini na tisa. Hamsini, hamsini. Kisha akaandika ya hamsini na moja, mtu aliyemwita Fundi Saa wa Katindo, akaomba tena.

"Cinquante," alisema Ismael kwa sauti ndogo. "Hamsini tu."

"Fundi Saa yumo?"

"Yumo, juu kabisa."

"Aliyetoka ni nani?"

Ismael alishuka kwa kidole mpaka mwisho wa orodha. "Wa kwanza kabisa. Ulimwita Mama Kikapu. Haonekani." Alifungua ghala lenyewe. "Lakini huku yuko! Hajafutwa. Yuko ndani, ila Orodha haimuonyeshi."

Asumini alirudia jaribio mara tatu, kila mara kwa watu wengine, maana jambo lililotokea mara moja alilihesabu kuwa bahati. Mara zote tatu aliyeingia mwisho alimsukuma nje aliyeingia mwanzo. Alichora jedwali, akalijaza, akauliza swali moja la nyongeza, ambalo lilimfanya Ismael apige paji lake la uso.

"Mwezi wa kwanza wa kazi mlikutanisha familia ngapi?"

"Tisa. Tulifanya na karamu."

"Wa pili?"

"Ine."

"Wa tatu?"

"Moja tu. Madame alisema mimi nimekuwa muvivu."

"Mwezi wa kwanza waliopiga walikuwa wachache, wote waliingia katika hamsini. Kila simu mpya ikawa inamtoa mtu. Leo wanaotafutana hawawezi kuonana mpaka wapige karibu wakati mmoja." Alisimama. "Na sasa niambie: nani aliandika neno zote?"

"Si mimi, Yaya. Nakuapia. Mimi niliandika maelezo marefu."

"Nakala za zamani zinahifadhiwa?"

"Kila moja, na jina ya aliyebadilisha."

"Zichape zote mbili. Twende."

Madame Victoire aliwapokea akiwa ameshika kalamu. Bahasha ilikuwa wazi mbele yake. Saa ilikuwa saba na dakika arobaini.

Asumini aliweka karatasi mbili juu ya barua ile, moja kando ya nyingine. "Soma hii ya kushoto kwanza. Ni maelezo ya zana ya Orodha kama Ismael alivyoyaandika mwezi wa pili."

Victoire alisoma: "Hutoa kumbukumbu hamsini zilizoandikwa karibuni. Kama zimebaki nyingine, chini ya orodha hutokea alama. Tuma alama hiyo tena upate hamsini zinazofuata. Rudia mpaka alama isitokee."

"Sasa ya kulia. Ndiyo anayoisoma Mukumbushi kila siku."

"Hutoa kumbukumbu zote." Victoire alikunja uso. "Ni fupi. Nani alikata?"

Kidole cha Asumini kilishuka chini ya ukurasa, mahali palipoandikwa jina la aliyebadilisha na tarehe.

Ismael alitazama dari.

"Ni mimi," Victoire alisema hatimaye. "Mungu wangu. Nilitaka maelezo ya zana zote yaingie katika ukurasa mumoja, wafadhili wasichoke. Niliona ni maneno ya mafundi tu."

"Kwa mtu ni maneno. Kwa wakala, maelezo ya zana ndiyo macho yake. Ukimwambia zote, anaacha kutafuta. Na alama iko pale chini kila siku, hakuna aliyemwambia ni ya nini."

Victoire aliichukua barua ya kumwachisha kazi, akaipasua mara mbili, akaizunguka meza. Alikuwa mwanamke mfupi. Ilimbidi ainue kichwa kumwona Ismael machoni.

"Ismael, nilikuita muvivu mbele ya batu. Nitakuomba radhi mbele ya batu walewale. Unisamehe."

"Imeisha, Madame." Alikuwa anatabasamu tayari, miguu haitulii. "Lakini tunaongea, na yule mama iko inje. Niruhusu nirudishe ile maelezo."

Mama Béata aliitwa ndani, naye akaingia na mlinzi, kwa vile walikuwa wameshakuwa marafiki. Ismael alirudisha maneno yake ya mwezi wa pili, neno kwa neno. Asumini aliomba lifanywe jaribio moja kwa Mukumbushi mtupu kwanza. Mama Kikapu akatokea pale alipokuwa amefichika, na Fundi Saa naye yumo. Ndipo akaliandika katika ripoti na kukisogeza kipaza sauti.

"Mukumbushi. Una kumbukumbu ngapi?"

Safari hii hakujibu mara moja. Kwenye skrini kurasa zilianza kupita: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya sita Victoire alikuwa amemshika mlinzi mkono bila kujua. Zilisimama kwenye ya kumi na tatu.

"Mia sita na kumi na mbili, mama. Samahani. Nilikuwa nadhani ni hamsini."

"Béata Uwingabire alipiga mara ngapi?"

"Tatu. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, tarehe tatu mwezi wa sita, na jana."

"Ee!" Mama Béata alipiga makofi. "Niliwaambia!"

"Mama Béata anamtafuta baba yake," Mukumbushi aliendelea, "mzee Ntirenganya, mfugaji wa Masisi, mwenye kovu la mkono wa kulia. Kwenye ukurasa wa tisa kuna mzee Ntirenganya aliyepiga mwezi wa nne kwa simu ya mwenyeji wake, mama aitwaye Mimi, huko Lac Vert. Anamtafuta binti yake Uwingabire. Aliacha swali la kumpima atakayejitokeza. Niliulize?"

Ismael alikisogeza kipaza sauti karibu na Mama Béata.

"Uliza," Mama Béata alisema, na sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwisha.

"Mzee anauliza: ng'ombe aliyezaliwa siku moja na wewe aliitwa nani?"

Mama Béata alijifunika mdomo kwa mikono miwili. "Bihogo," alisema kupitia vidole. "Alikuwa Bihogo. Nilikunywaka maziwa yake mpaka nikaingia masomo."

"Ndivyo alivyosema mzee. Nipige simu?"

Waliosikia kelele iliyotoka chumba kile walidhani kuna bao limefungwa. Mlinzi alikuwa anaruka. Simu ililia mara nne, mwanamke akapokea. Nyuma yake alisikika mbuzi na mtu akikohoa.

"Mama Mimi?" Asumini aliuliza. "Muzee Ntirenganya bado anakaa kwako?"

"Huyu iko hapa analaumu chai yangu. Ni nani anauliza?"

Asumini alimpa Mama Béata simu, akatoka na wenzake uani.

Saa tisa pikipiki mbili zilikuwa kwenye barabara ya Sake, Mama Béata mbele, Asumini nyuma yake. Kazi ya Asumini ilikuwa imekwisha. Victoire alikuwa amemwambia wazi aende kupumzika. Lakini ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja usiojazwa, mstari wa *matokeo*, naye hakuwa mtu wa kujaza kwa kusikia.

Hawakuhitaji kuuliza nyumba. Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia ya vumbi, koti refu, kofia, fimbo, na Mama Mimi kando yake akimlazimisha asogee magari yasije yakamgonga. Mama Béata aliruka kabla pikipiki haijasimama. Kiatu kimoja cha kanisani kilibaki njiani.

Mzee alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, kama anayekagua mnyama sokoni.

"Mwana wanjye," alisema. Mwanangu. Kisha: "Umekonda. Umekula leo?"

"Bado, papa."

"Kuanzia mwezi wa nne mimi nangoja, na wewe unakuja na njaa!"

Mama Béata alicheka na kulia kwa pamoja, akamwangukia kifuani mpaka kofia ikadondoka. Mzee aliiacha pale chini. Alimpa Mama Mimi fimbo, akainua mikono yake juu, imepinda kama pembe ndefu, akaanza kucheza polepole, hatua moja, hatua mbili, akiwaimbia watu wa njiani kwamba binti yake amerudi. Mama Béata aliinua yake. Wakacheza hivyo katikati ya vumbi, yeye na kiatu kimoja, na wauza makaa waliokuwa wanapita wakaegesha chukudu zao, zile baiskeli za mbao, na kuanza kupiga makofi.

Asumini aliokota kofia, akaipangusa. Akafungua daftari, akaandika kwenye mstari wa matokeo: *Wamekutana. Nimeona kwa macho.* Alikuwa bado anaandika wakati simu ilipotetema. Alikuwa Ismael, naye alikuwa anapiga kelele.

"Yaya! Mukumbushi amelinganisha kurasa zote! Wanaolingana ni kumi na saba! Familia kumi na saba, Yaya, zilikuwa humu ndani miezi yote!"

"Umeshawapigia wangapi?"

"Mumoja tu. Mama mwingine wa Mabanga, dada yake yuko Himbi, mitaa mbili na sisi. Nilitaka kumupa namba ya dada. Alikata simu hata sijamaliza. Anasema hangoji namba, anakuja na miguu yake."

"Na huyo dada?"

Kabla Ismael hajajibu, Asumini alisikia kwenye simu lango la chuma likigongwa kwa viganja na mwanamke akiita, "Dada yangu iko wapi?" kisha sauti ya Madame Victoire akipiga mbio uani: "Nakuja! Nakuja, mama! Nafungua!"